Kabla ya kununua tiketi, tuulize dosie iko wapi

Wamama wenzetu wa Manika,

Si zamani tulikaa kilio hapa kwetu, katika nyumba moja ambayo wengi wenu mnaifahamu. Aliyetuacha alikuwa mama mzee, mtu wa watu. Watoto wake wote walikuwapo, isipokuwa mmoja: kijana wake wa kwanza, aliye Montreal. Alituma pesa za sanduku, akatuma na za chakula. Alilia kwenye simu mpaka simu ikapita mkono kwa mkono uwanjani, kila mtu asikie. Lakini hakuja.

Usiku wa pili maneno yakaanza. "Mtoto gani huyu asiyemzika mama yake?" Halafu macho yakamgeukia bibi yake, aliyekuwa jikoni akipika bukari ya wageni. "Ni yeye amemkataza. Anaogopa kukosa Ulaya." Wadogo wa bwana yake walimnyima neno, wengine wakamnyima hata salamu. Na sisi, tuliokuja na vitenge vyetu vya kikundi, tukanyamaza. Tuseme ukweli: wengine kati yetu tulinung'unika pamoja nao.

Baada ya majuma mawili mama huyo alikuja kwenye mkutano wetu na bahasha ya karatasi. Hakuja kujitetea. Alikuja kutuomba tumsaidie kuwaeleza wakwe zake jambo ambalo yeye mwenyewe alishindwa kulieleza. Tulisoma, tukauliza wanaojua, tukaona aibu. Ndiyo sababu ya kuandika haya. Katika Manika ni nyumba chache sana zisizo na mtu ng'ambo, na dosie ya ukaaji wa kudumu inaweza kuvunjwa na safari moja tu iliyofanywa kwa moyo safi.

Kwa nini kijana yule hakuja

Bwana ya mama huyu alipokelewa Canada kama mtu aliyekimbia na kuomba ulinzi. Baada ya kukubaliwa, aliomba ukaaji wa kudumu, na katika dosie hiyo hiyo akaandika bibi yake na watoto wao watatu walio hapa Kolwezi. Sheria ya Canada inaruhusu hivyo: mtu aliyepewa ulinzi anaweza kuweka bibi na watoto walio nje katika ombi moja na lake.

Lakini ulinzi una sharti lake. Aliyesema "siwezi kurudi nchini kwangu" akirudi kwa hiari yake, hasa akitumia paspoti ya nchi hiyo, serikali inaweza kuuliza mahakama ya wakimbizi imwondolee ulinzi, ikisema amejiweka tena mikononi mwa nchi yake. Tangu Desemba 2012 sheria imekuwa kali zaidi: mtu anayeondolewa ulinzi kwa sababu hiyo anapoteza pia ukaaji wa kudumu, hata kama alikuwa amekwisha kuupata. Hatari hiyo inamfuata mpaka siku atakapokuwa raia. Hata hati ya safari ambayo Canada inawapa wakimbizi inaweza kufungua nchi nyingi, lakini si nchi ambayo mtu aliikimbia.

Sasa wekeni mambo hayo juu ya kilio kile. Kijana angepanda ndege, angemzika mama yake, angekaa juma moja. Halafu huenda angerudi na kukuta swali mlangoni. Na dosie ikianguka, haianguki yake peke yake. Wanaanguka bibi na watoto watatu waliongoja miaka. Alilazimika kuchagua kati ya kaburi la mama yake na njia ya watoto wake. Tusimwite mtoto mbaya.

Si kila dosie inafunga mlango

Hapa ndipo wengi wetu tunachanganya. Tunasikia "fulani alisafiri hakupata shida", tunadhani wote ni sawa. Siyo sawa. Swali la kwanza ni hili: anayeomba yuko wapi, na anaomba kwa njia gani? Kwa Canada, ambako wengi wa wetu wanaosema Kifaransa wanakwenda, bibi au bwana anaweza kudhaminiwa na mwenzake kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya anayeombewa akiwa ndani ya Canada. Mfano ni binti yetu aliyekwenda kusoma, akaolewa huko na mtu mwenye ukaaji. Njia hii inadai waishi pamoja ndani ya Canada. Akitoka kuja kwenye ndoa ya dada yake hapa Kolwezi, hakuna anayeweza kumwahidi kwamba ataruhusiwa kuingia tena. Akizuiliwa nje, dosie inaweza kufa, na kwa njia hii hakuna rufaa mbele ya baraza la rufaa la uhamiaji. Binti wa namna hii asipande ndege kabla ya kuongea na avoka.

Njia ya pili ni ya anayeombewa akiwa nje, kama mama aliye hapa Manika. Huyu anaweza kusafiri, na dosie yake ikikataliwa, mdhamini ana haki ya rufaa. Anayepaswa kuangalia ni bwana aliye huko. Kama bwana ana ukaaji wa kudumu tu, lazima awe anaishi Canada muda wote dosie inapotembea. Kuja kutembelea familia majuma machache si kosa. Picha, tiketi na mihuri ya paspoti inasaidia hata kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli. Lakini asije kukaa mwaka mzima akifanya biashara ya magari hapa mjini, akidhani dosie inamngoja. Aliye raia wa Canada ndiye anayeweza kudhamini akiwa nje, akionyesha kwamba atarudi kuishi huko mwenzake atakapopokelewa.

Mama mmoja alituuliza: "Je, dosie ikiwa inangoja, naweza kuomba viza ya kutembea nimwone bwana yangu?" Anaweza kuomba. Sheria ya Canada inakubali kwamba mtu anaweza kutaka kutembea sasa na kuhamia baadaye. Ila atalazimika kumridhisha ofisa kwamba atarudi muda ukiisha, na viza inaweza kukataliwa. Asifiche kamwe kwamba ana dosie nyingine. Uongo kwenye fomu unaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 5.

Mtoto aliyezaliwa katikati

Hili ndilo linaloumiza nyumba nyingi, na linatoka mara nyingi kwa safari. Bwana anakuja likizo wakati ombi lake mwenyewe bado halijaamuliwa. Anaoa, au bibi anapata mimba. Anarudi, anapokea karatasi zake, anafurahi, hasemi neno. Anafikiri: "Nitawaita baadaye."

Baadaye inaweza kuwa imechelewa. Kwa sheria ya Canada, bibi, bwana au mtoto ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa kabla mwombaji hajapokelewa, hawezi tena kudhaminiwa naye kwa njia ya familia. Septemba 2019 Canada ilianzisha njia ya majaribio kwa baadhi ya watu walioachwa hivyo, lakini haikuwa ya wote, na hakuna anayepaswa kuijengea nyumba. Dawa ni moja: ndoa ikifungwa au mtoto akizaliwa dosie ikiwa njiani, andika haraka kuwajulisha, kabla ya kupanda ndege ya kwenda kupokelewa.

Na hapa tuseme neno gumu. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anaandikwa pia. Mtoto anayelelewa na nyanya kijijini anaandikwa. Hata yule asiyekusudiwa kusafiri anaandikwa. Tunajua wako wamama wanaomwambia bwana, "Ukimwandika yule, mimi natoka." Tunaelewa uchungu huo, hatuuchezei. Lakini mtoto hakuomba kuzaliwa, na kumficha kunaweza kuangusha dosie nzima, pamoja na watoto wako wewe.

Kazi inayofanywa hapa, si huko

Wengi wanalaumu ng'ambo kwa kuchelewa, kumbe karatasi za hapa hazijawa tayari. Kolwezi ina komine mbili, Dilala na Manika, na safari ya dosie inaanzia kwenye komine yako.

Ndoa ya kimila ni ndoa. Mahari yalitolewa, familia zilishuhudia. Lakini isipoandikishwa kwa ofisa wa komine, utamwonyesha nani? Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka ndoa iliyofungwa katika familia iandikishwe. Fanyeni hivyo wakati wazee walioshuhudia bado wako hai.

Mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Siku hizo zikipita, karatasi yake itapitia mahakamani kwa hukumu ya kusahihisha, nayo inakula muda na pesa. Mama mwenye mimba, weka hesabu hii kichwani pamoja na tarehe za chanjo.

Halafu majina. Sisi tuna jina, jina la pili na jina la ubatizo, na kila ofisi inaandika inavyosikia. Kwenye karti ya mchaguzi umeandikwa Kapend, kwenye diploma Kapende, kwenye paspoti jina la pili limesahauliwa. Kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa ofisa asiyekujua ni watu watatu. Tandika karatasi zote mezani leo, zilinganishe herufi kwa herufi.

Kwa mama anayesafiri na mtoto mdogo bila baba yake, ruhusa ya baba kwa maandishi itadaiwa. Kwa safari ya mama mwenyewe, wako bado wanaosema sheria inamtaka apate ruhusa ya bwana. Sheria ya 1987 ilikuwa hivyo kwa matendo mengi. Mabadiliko ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa bibi na bwana wanatakiwa kupatana.

Mama anapokuwa ndiye msafiri

Wengi wetu hatukai tukingoja. Tunakwenda Kasumbalesa, Lusaka, Dar es Salaam, wengine Dubai na Guangzhou kuleta bidhaa. Kama bwana anakuombea kutoka ng'ambo na wewe uko hapa, biashara yako haikatazwi. Ila kumbuka mambo haya:

Kwanza, barua hazingoji. Siku hizi zinakuja kwa imeili, na zina tarehe ya mwisho. Mwenzetu mmoja alikuwa safarini karibu miezi miwili, neno la siri la imeili lilikuwa kwa kijana wa saiba, na barua ya kuitwa kwa daktari ilipita. Imeili iwe yako, na mtu mmoja unayemwamini aiangalie ukiwa njiani.

Pili, ukibadilisha paspoti, toa habari. Dosie inafuata namba ya paspoti ya zamani mpaka useme.

Tatu, kama uliishi nchi nyingine miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, utadaiwa cheti cha polisi cha nchi hiyo. Andika tarehe zako katika daftari sasa, usingoje kuzitafuta kichwani.

Nne, uchunguzi wa daktari unadumu miezi 12, na viza ya kuhamia haipiti tarehe hiyo wala tarehe ya paspoti. Ukiwa na mimba, mwambie daktari kabla ya picha ya kifua. Unaweza kungojewa mpaka ujifungue, na mtoto ataongezwa katika dosie.

Tano, jihadhari na makomisioneri wa viza wanaosema "nina mtu wangu ubalozini". Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni karibu kilomita 300, na Kinshasa ni kwa ndege. Umbali huo ndio shamba lao. Fomu za Canada zinapatikana bure, na anayelipwa kuzishughulikia lazima awe avoka au mshauri aliyeandikishwa huko.

Afrika Kusini na Marekani

Walio Johannesburg na karatasi ya kuomba hifadhi wanajua barabara ya Kasumbalesa inavyovuta moyo kilio kikitokea. Basi lipo kila siku. Lakini kwa sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini, karatasi hiyo inakufa mwenyewe akitoka nchini bila ruhusa ya waziri. Aliyeoa raia au mkaaji wa kudumu wa huko anaweza kuomba ukaaji wa kudumu ndoa ikitimiza miaka 5; safari ya siri inaweza kuharibu yote.

Marekani, anayeomba karti ya kijani akiwa ndani ya nchi akitoka kabla ya kupewa ruhusa ya kusafiri mapema, ombi lake linahesabiwa limeachwa, isipokuwa wenye viza chache za kazi. Ndoa isiyofikisha miaka 2 siku ya kukubaliwa inapewa karti ya miaka 2 yenye masharti, na kuna ombi jingine la kuyaondoa masharti hayo. Sheria za huko zimebadilika mara nyingi. Usifuate hadithi ya jirani aliyekwenda mwaka mwingine.

Karti ikisha kutoka

Hata hapo, usikimbilie ndege. Mkaaji mpya wa Canada anayetoka kabla karti haijafika mkononi atalazimika kuomba hati nyingine akiwa nje ili arudi. Na ili kuulinda ukaaji, lazima awe ndani ya Canada siku 730 katika kila miaka 5.

Ukaaji wa kudumu si uraia. Mkongomani mwenye ukaaji bado ni Mkongomani. Akichukua uraia wa Canada, hapo ndipo sheria yetu ya Novemba 2004 inapomhusu, kwa sababu uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Jambo hilo familia ilizungumze mapema, hasa kama kuna shamba au nyumba hapa.

Neno la mwisho hapa ni kwa mabinti wanaokwenda kukutana na bwana. Zamani Canada iliweka sharti la kukaa na mdhamini miaka 2, nalo likaondolewa mwaka 2017. Bwana anayekupiga na kusema "ukitoka nyumbani nitakurudisha Kolwezi" anakudanganya. Ukaaji uliopewa kwa haki ni wako. Na mdhamini amejifunga kukutunza miaka 3, hata ndoa ikivunjika.

Tulivyofanya

Siku ya matanga kuisha tulikwenda wanne kwa wakwe wa mama yule. Hatukwenda kuhukumu. Tulikaa na mkubwa wa familia, tukamweleza polepole, karatasi zikiwa juu ya meza, mpaka akauliza maswali yake yote. Halafu akasema anataka kusikia kwa mtoto mwenyewe. Ilikuwa saa mbili ya usiku hapa. Huko Montreal ilikuwa mchana. Simu iliita, wakaongea muda mrefu, sisi tukatoka uwanjani.

Si wote waliotulia. Wifi mmoja bado hamsalimu. Lakini mkubwa alimwita yule bibi, akamwambia mbele ya watu: "Kaburi halikimbii. Siku atakayoweza kuja, tutakwenda naye." Wamepanga kwamba saruji ya kaburi itamngoja yeye aiweke.

Tumepatana katika kikundi mambo mawili. Kilio kikitokea kwa mtu mwenye mwenzake ng'ambo, mmoja wetu atakaa karibu na bibi tangu usiku wa kwanza, na kama yeye anakubali, ataeleza familia kabla maneno hayajaanza. Na kila mkutano wa kwanza wa mwezi tutatenga saa moja: mwenye karatasi alete, tulinganishe majina na tarehe pamoja. Sisi si maavoka na hatutatoa shauri la avoka. Ila macho mengi yanaona kosa ambalo macho mawili yanaliruka.

Njoni na vyeti vya watoto. Njoni na kalamu.